Kuchomoa bila kurudisha: jibu la uwezekano likikugomea, cheki dalili hizi

Maswali ya kuchomoa vitu bila kurudisha yanawasumbua watu wengi na makosa ni yaleyale yanajirudia, na uzuri ni kwamba kila kosa linaacha alama yake kwenye jibu. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa dalili: angalia jibu lako limekaaje, tafuta dalili inayofanana nalo, alafu shuka na sababu zake, ile inayotokea sana imetangulia. Anza na ukaguzi mwepesi, usirukie fomula kubwa wakati tatizo ni namba moja tu hujaipunguza.

Tutumie mfuko mmoja kote. Una gololi 8, nyekundu 5 na bluu 3, zote ukubwa mmoja, unachomoa bila kuchungulia na ukishatoa hurudishi. Ukichomoa mbili majibu sahihi ni haya, yaweke pembeni maana tutayarudia:

Nyekundu kisha nyekundu: 5/8 × 4/7 = 20/56
Nyekundu kisha bluu: 5/8 × 3/7 = 15/56
Bluu kisha nyekundu: 3/8 × 5/7 = 15/56
Bluu kisha bluu: 3/8 × 2/7 = 6/56

Jumlisha zote unapata 56/56, yaani 1, hakuna kilichopotea.

Na kabla hujaenda kwenye dalili yoyote fanya hiki kitu kimoja: andika hali ya mfuko kila baada ya kuchomoa. Mwanzo N5 B3, jumla 8. Ikitoka nyekundu, N4 B3, jumla 7. Ikitoka bluu, N5 B2, jumla 7. Inachukua sekunde chache na kwa maoni yangu ndo inaponya zaidi ya nusu ya shida zote hapa chini, kwa sababu watu wanakimbilia kuzidisha sehemu wakati mfuko wenyewe hawajauangalia una nini sasa hivi.

Dalili: jibu liko karibu na lile la kwenye kitabu lakini sio lenyewe

Hii ndo inayoripotiwa kuliko zote. Swali la nyekundu mbili, kitabu kinasema 20/56 (au 5/14 ukirahisisha), wewe una 25/64. Angalia namba ya chini kwanza. Ukiona 64, hiyo ni 8 × 8, maana yake raundi ya pili bado ulikuwa na gololi 8, yaani ulirudisha ya kwanza bila kujua. Kwa desimali ni 0.391 badala ya 0.357, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba mtu anadhani amekosea kwenye kukadiria tu, anapita.

Kama namba ya chini ni 56 lakini juu una 25, basi ulipunguza jumla ukasahau kupunguza nyekundu. Kama una 20/64 ulifanya kinyume chake. Haya mawili ni madogo, ukiwa na ile hali ya mfuko pembeni yanakufa yenyewe.

Kuna moja limejificha zaidi. Swali ni nyekundu kisha bluu, mtu anaandika 5/8 × 2/7. Ameshazoea kwamba raundi ya pili namba zote zinapungua moja, ya juu na ya chini, kwa hiyo anapunguza bluu pia. Lakini bluu hazijaguswa! Iliyotoka ni nyekundu, bluu bado ni 3. Namba ya chini inapungua kila mara, ya juu inapungua pale tu ambapo kilichotoka ni cha aina ileile unayoihesabu. Ukikariri "punguza juu na chini" utapata maswali ya rangi moja na kukosa ya rangi mchanganyiko.

Sababu ya mwisho, haitokei sana, ni swali lenyewe halijasema kama unarudisha au la. Hapo tafuta maneno kama "kwa pamoja", "kwa mkupuo", "alishika mbili", au watu kuchaguliwa kuunda kamati, hayo yote ni bila kurudisha kwa sababu kitu kimoja hakiwezi kuchaguliwa mara mbili. Kuchomoa mbili kwa mkupuo na kuchomoa moja moja bila kurudisha ni hesabu ileile kabisa, usiogope. Na kama hakuna neno lolote la kukuongoza, usibahatishe, muulize aliyetunga, na kama upo kwenye mtihani andika wazi umechukulia nini alafu endelea.

Dalili: jibu limezidi 1, au matawi hayajumlishiki kuwa 1

Uwezekano hauzidi 1. Ukiona 73/56 kwenye daftari simama hapohapo usiendelee na kipengele b.

Karibu kila mara hii inatoka kwenye maswali ya "angalau moja". Mfano, unachomoa tatu, uwezekano wa kupata angalau bluu moja ni upi? Mtu anaandika 3/8 + 3/7 + 3/6, na hiyo ndo 73/56 yenyewe. Kosa ni kwamba ile 3/7 sio uwezekano wa raundi ya pili kutoa bluu hivi hivi tu, ni uwezekano wake *kama ya kwanza ilitoka nyekundu*, kwa hiyo huwezi kuijumlisha ikiwa peke yake, lazima uizidishe kwanza na ile njia iliyokufikisha hapo.

Njia nyepesi ni kugeuza swali. Kinyume cha "angalau bluu moja" ni "hakuna bluu hata moja", yaani nyekundu tatu mfululizo: 5/8 × 4/7 × 3/6 = 60/336. Toa kwenye 1 unabaki na 276/336, sawa na 23/28, karibu 0.82. Imeisha.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Kosa hilihili ukilifanya kwa gololi mbili linatoa 3/8 + 3/7 = 45/56, na hiyo haijazidi 1, hakuna king'ora kinacholia. Jibu sahihi ni 36/56. Kwa hiyo usisubiri jibu lizidi 1 ndo ushtuke, kila ukiona "angalau" geuza swali kwanza, na kama una muda thibitisha kwa njia ndefu: bluu ya kwanza 21/56, jumlisha na nyekundu kisha bluu 15/56, unapata 36/56. Njia mbili zikikutana kwenye namba moja hapo unaweza kulala.

Kama hukujumlisha kokote na bado mti wako wa matawi (ule mchoro wa kuonyesha kila njia ya kuchomoa) haufiki 1, kagua kila fundo, yaani pale matawi yanapogawanyika, peke yake. Matawi yanayotoka sehemu moja lazima yenyewe yajumlishike kuwa 1, kwa mfano baada ya nyekundu ni 4/7 na 3/7. Fundo linalokataa ndo lenye kosa, huna haja ya kurudia mti mzima.

Dalili: jibu lako ni nusu ya lililotakiwa, au theluthi, au mara mbili yake

Nusu: swali ni "moja ya kila rangi", wewe umeandika 15/56 na kitabu 30/56. Umehesabu nyekundu kisha bluu tu, ukasahau kwamba bluu kisha nyekundu nayo inakubalika. Swali halikutaja ipi ianze.

Theluthi: unachomoa tatu, unataka nyekundu mbili na bluu moja. 5/8 × 4/7 × 3/6 inakupa 60/336 lakini hiyo ni NNB peke yake. Ziandike zote kwa herufi, NNB, NBN, BNN, zipo tatu na kila moja ukiikokotoa inatoa 60/336 ileile (jaribu, namba za juu zinabadilishana nafasi tu, 5, 4 na 3, na za chini ni 8, 7 na 6 siku zote), kwa hiyo jumla ni 180/336 = 15/28.

Mara mbili: hii ni ugonjwa wa aliyeambiwa "zidisha kwa mbili" bila kuelewa kwa nini. Anachukua nyekundu mbili, 20/56, anazidisha kwa mbili anapata 40/56. Andika herufi, NN, ukizigeuza bado ni NN, mpangilio ni mmoja tu.

Ukaguzi mwepesi kwa zote tatu ni huo wa herufi. Kama herufi zimekuwa nyingi mno kuandika, hapo ndo pa kombinesheni: njia za kuchagua nyekundu 2 kati ya 5 ni 10, bluu 1 kati ya 3 ni 3, na kuchagua 3 kati ya 8 ni 56, basi 10 × 3 / 56 = 30/56 = 15/28, ileile. Ila kombinesheni inaleta ugonjwa wake, mtu anachanganya. Juu anaweka 10 (isiyojali mpangilio) chini anaweka 8 × 7 = 56 (inayojali mpangilio), anapata 10/56 kwa nyekundu mbili. Chagua moja: ama mpangilio juu na chini, 20/56, ama bila mpangilio juu na chini, 10/28. Zote mbili ni sawa, ukivusha mguu mmoja tu ndo unaharibu.

Dalili: unabishana na mwenzako kuhusu gololi ya pili

Hii nataka nikae nayo kidogo maana hapa hata watu wazuri wa hesabu wanagawanyika.

Swali: umechomoa mbili bila kurudisha, uwezekano wa *ya pili* kuwa nyekundu ni upi? Hujaambiwa ya kwanza ilikuwa rangi gani. Mmoja anasema 4/7. Mwingine anasema haijulikani, inategemea ya kwanza. Jibu ni 5/8, sawasawa na ya kwanza.

Ukaguzi mwepesi: rudi kwenye ile orodha ya mwanzo, chukua njia zote zinazoishia na nyekundu, 20/56 + 15/56 = 35/56, na 35/56 ni 5/8. Hakuna ujanja hapo, ni kujumlisha tu.

Ila najua kuna mtu anaona hesabu na bado moyo unakataa, anasema lakini gololi zimebaki 7 jamani. Ni kweli zimebaki 7, lakini hujui ni 7 zipi. Fikiria umezimwaga zote 8 kwenye mstari bila kuangalia. Nafasi ya pili kwenye mstari ina kitu gani cha pekee kuliko ya kwanza au ya nane? Hakuna. Kila nafasi ina 5/8 ya kuwa nyekundu mpaka pale mtu atakapofunua kitu. Kwa hiyo kinachobadilisha hesabu yako ni kuiona gololi iliyotoka, ikitoka huku umefumba macho na hukuambiwa chochote, kwa upande wako mfuko haujabadilika.

Hii ndo sababu kwenye kuchomoa vikaratasi hakuna faida ya kuwahi. Watu 8, vikaratasi 8, kimoja kina alama. Wa tatu kuchomoa: 7/8 × 6/7 × 1/6, zinakatana, inabaki 1/8. Wa nane pia 1/8. Lakini wa kwanza akifungua cha kwake mbele ya watu na hakina alama, waliobaki wote wanahamia 1/7 papo hapo. Ugomvi mwingi unatoka hapo, mmoja anahesabu kabla ya kufunua, mwenzake anahesabu baada ya kufunua, na wote wako sahihi kwa maswali mawili tofauti.

Sababu ya pili ya ubishi ni swali kurudi nyuma: umeambiwa ya pili ni nyekundu, uwezekano wa ya kwanza kuwa nyekundu ni upi? Watu wanajibu 5/8 kwa hoja kwamba ya pili haiwezi kuathiri kilichoshatokea. Haiathiri, ila inakupa habari. Chukua zile 35/56 zinazoishia na nyekundu, ndani yake 20/56 zimeanza na nyekundu, kwa hiyo 20/35 = 4/7. Moja ya nyekundu unajua iko nafasi ya pili, basi nafasi ya kwanza inagombewa na nyekundu 4 kati ya 7.

ONYO: kama aliyetoa gololi alichungulia na akachagua cha kutoa, kwa mfano anajua rangi na kwa makusudi amekutolea bluu ili uione, acha hesabu zote za hapa juu. Hiyo sio kuchomoa kwa bahati tena, lazima ujue anafuata kanuni gani kabla ya kuandika sehemu yoyote, na kama hujui kanuni yake tafuta mtu aliyesoma takwimu mkae naye.

Dalili: kalkuleta inaandika kosa, au jibu ni sifuri

Sifuri inaweza kuwa sahihi. Bluu nne kutoka kwenye mfuko wenye bluu tatu ni 3/8 × 2/7 × 1/6 × 0/5, ni 0 kweli. Ukiendelea kupunguza mpaka unapata namba hasi juu, umepita kituo, simama kwenye sifuri.

Kalkuleta kugoma kwa kawaida ni faktoria, ile alama ya !, mfano 5! ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Kalkuleta nyingi za mkononi zinaishia 69!, kwa sababu 70! inavuka 10 kwa kipeo cha 100. Huhitaji faktoria nzima, kata kwanza: kuchagua 2 kati ya 100 ni 100 × 99 / 2 = 4,950, basi. Hata 6 kati ya 49, ile ya bahati nasibu, ni 49 × 48 × 47 × 46 × 45 × 44 gawa kwa 720, unapata 13,983,816 bila kugusa faktoria kubwa.

Dalili: kompyuta inatoa jibu tofauti na la kwenye karatasi

Umeandika programu ichomoe gololi mbili mara nyingi uhesabu nyekundu mbili zinatokea mara ngapi, ulitegemea 0.357, inakupa 0.39. Namba hiyo tayari imekuambia ugonjwa, ni 25/64, programu yako inarudisha. Kwenye Python ukiita random.choice mara mbili kwenye orodha ileile inaweza kukupa gololi ileile mara mbili, na random.choices nayo inarudisha. Inayochomoa bila kurudisha ni random.sample. Wanaotumia NumPy wakumbuke numpy.random.choice inarudisha usipoikataza, lazima uandike replace=False.

Kama haikai kwenye 0.39 bali inarukaruka, umefanya majaribio machache. Kwa majaribio 100 kuyumba kwa 0.05 juu au chini ni kawaida kabisa, kwa hiyo 0.357 na 0.391 huwezi kuzitofautisha. Fanya 10,000, hapo kuyumba kwa kawaida kunashuka hadi karibu 0.005.

Na kama inalalamika kwamba orodha imeisha, unatoa gololi kwenye mfuko na hujaujaza upya kabla ya jaribio linalofuata. Bila kurudisha ni *ndani ya* jaribio moja, jaribio jipya linaanza na mfuko mzima.

Kwa watu wa Excel kuna HYPGEOM.DIST, unaipa kwa mpangilio huu: unazotaka, unazochomoa, za aina hiyo zilizopo, na jumla, mwisho FALSE ili ihesabu idadi hiyo tu. Nyekundu 2 katika 3 ni HYPGEOM.DIST(2,3,5,8,FALSE), itoe 0.5357. Ikitoa kingine, mpangilio wa namba umeuvuruga.

Dalili: ukirudisha au usiporudisha jibu ni karibu lilelile

Sio kosa, ni ukubwa wa mfuko. Vitu 10,000, vibovu 500, uwezekano wa kuchomoa vibovu viwili ni 0.0025 ukirudisha na 0.002495 usiporudisha. Watu wengi wa takwimu wanakubali kupuuza tofauti kama unachomoa chini ya asilimia 10 ya vilivyopo. Kwa mfuko mdogo kama wetu wa gololi 8 usithubutu.

Dalili: hesabu ni safi ila uhalisia unakataa

Umekagua yote ya juu, njia mbili zinakubaliana, kompyuta nayo inakubali, lakini ukichomoa vitu halisi matokeo yanaegemea upande mmoja. Sababu inayoongoza ni kuchanganya vibaya. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani walichomoa tarehe za kuzaliwa kupanga nani aanze kuitwa jeshini, vidonge 366 vya plastiki kwenye chombo cha kioo, bila kurudisha. Wachambuzi walipokuja kuangalia wakakuta tarehe za miezi ya mwisho wa mwaka, hasa Novemba na Desemba, zilielekea kutoka mapema kuliko inavyotarajiwa. Vidonge vilikuwa vimeingizwa mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vya kutosha. Mwaka uliofuata utaratibu ukabadilishwa. Fomula ya 1/366 haikuwa na kosa lolote, kilichokosekana ni lile sharti kwamba kila kidonge kina nafasi sawa.

Sababu ya pili ni vitu kutolingana, vikubwa vinashikika kirahisi, vizito vinazama chini. Ya tatu ni kwamba kanuni ya kuchomoa inabadilika katikati, mfano "endelea mpaka upate kibovu", na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Hapa ndo pa kusimama. Kama matokeo yanaamua kitu kizito, sampuli ya dawa, ukaguzi wa mahesabu ya ofisi, kura, nani apate nafasi na nani akose, usijitibu mwenyewe kwa mwongozo huu, mtafute mtakwimu. Ukienda kwake mpelekee: vitu vilikuwa vingapi kwa jumla, vya kila aina vingapi, vilichanganywaje na nani, vilichomolewa vingapi na kwa mpangilio gani, na karatasi ya matokeo jinsi yalivyotoka, bila kuyapanga upya.